Povu Jeusi

Mimi ni mtu wa kutotulia na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Enzi za kivuko cha Kigongo nilikuwa nashuka kwenye gari na kwenda kusimama getini, nikiikazia macho feri kana kwamba itaona aibu ije mapema. Sasa kuna daraja. Natoka nyumbani kwangu Nyegezi, navuka maji kwa dakika chache, napita Busisi na kufika kwenye plenti yetu ya kuchenjulia dhahabu kabla chai haijapoa kwenye chupa. Hata hivyo mguu wangu wa kushoto hutingishika njia nzima. Mama yangu kule Bukoba husema nilizaliwa miezi saba kwa sababu niliona tisa ni mingi.

Alhamisi ile mguu ulikuwa na sababu yake. Mzee Masele, mwenye plenti, alitutangazia tangu Jumatatu kwamba Ijumaa saa nne asubuhi angempeleka Machibya polisi kwa kosa la kuiba dhahabu. Ushahidi wake ulikuwa karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri, na chini yake jina langu, Injinia Adventina Ishengoma.

Plenti yetu ni rahisi kuielewa. Wachimbaji wadogo wanatuletea mchanga ambao walishauosha wenyewe mara moja, tunauita marudio, na ndani yake imebaki dhahabu ambayo jicho haliioni. Tunausaga na kuumwaga kwenye matangi yenye maji na sayanaidi, na dhahabu inayeyuka humo. Kisha tunatia kaboni, punje nyeusi ngumu zilizotengenezwa kwa vifuu vya nazi, na hizo ndizo zinazoinasa dhahabu. Kwenye tangi la mwisho kuna chekeche. Tope linapita kwenda bwawani, kaboni inabaki na mali yake. Machibya ndiye aliyekuwa akilichunga chekeche lile mchana. Kiganja kimoja cha kaboni iliyoshiba kinaingia kwenye buti na bado mguu ukapata nafasi.

Kazi yangu mimi ni kuhakikisha kwamba katika kila gramu kumi zinazoingia, tunatoa walau nane na nusu. Zamu ya usiku ilikuwa inazitoa. Zamu ya mchana, tangu mwezi wa tatu, ilikuwa inatoa sita. Nilipima tope linalokwenda bwawani, nikakuta humo moja na nusu, kama kawaida. Gramu mbili na nusu hazikuwa kwenye kaboni wala bwawani. Nikaangalia ratiba ya watu, nikakuta Machibya alihamia zamu ya mchana mwezi huohuo wa tatu. Nikaandika.

Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Nalisema hili mpaka leo kwa hasira, maana kama ningekosea kujumlisha ningekuwa na pa kujifichia.

Machibya akasimamishwa kazi, mtu wa miaka hamsini na tano, na nafasi yake akapewa Nestory. Zikapita wiki mbili na dhahabu ikaendelea kupotea vilevile, mchana tu. Nilipompelekea Mzee Masele habari hizo nilidhani ataona kwamba huenda tumekosea.

"Basi na huyu Nestory anaiba," akasema. "Wamefundishana."

Tangu siku hiyo sikukaa kwenye kiti. Niliongeza sayanaidi, nikaongeza chokaa, nikaongeza hewa kwenye matangi. Nilibadilisha kasi ya vikorogeo mara tatu kwa wiki moja, mpaka fundi umeme akaanza kujificha akiniona. Hakuna kilichobadilika. Usiku nane na nusu, mchana sita. Nilikuwa nazunguka matangi yale kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila nikipita karibu na chekeche nilikuwa naangalia pembeni.

Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyewahi kufanya kazi kwenye viwanda vya potashi, ile chumvi inayotengenezewa mbolea. Alituhadithia kwamba mwaka wake wa kwanza potashi ilikuwa inapotea na taka, na yeye kila siku anaongeza dawa ya kuielesha, na kila siku inazidi kupotea. Kumbe udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chumvi ndio uliokuwa unakunywa dawa yote. Walipoanza kuuosha udongo kwanza, dawa kidogo ikatosha. "Kabla hujaongeza kitu," alituambia, "uliza nani anakunywa." Tuliandika kwenye madaftari, tukafaulu mtihani, tukasahau.

Alhamisi ile saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la maabara, mguu ukitingishika, nikamwona Precious, fundi wangu wa maabara, anatoka na ndoo ya sampuli za tope. Akaiinamisha taratibu, akamwaga kitu cheusi cha juu kwenye mfereji.

"Unamwaga nini?"

"Povu, Injinia. Lile jeusi la juu. Si ulisema tuwe tunamwaga kabla ya kupima? Linaziba karatasi za kuchujia."

Kweli nilisema. Nilisema mwezi wa tatu, nikiwa nakimbilia mahali, sikumbuki wapi. Niliutazama ule mfereji wa saruji. Ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria.

Nikachota lililobaki kwenye ndoo, nikalisugua kati ya vidole. Kaboni yetu ni ngumu, inakwaruza. Hiki kilivunjika kikawa unga, mkono ukabaki mweusi mpaka kwenye mistari ya kiganja. Tulilikausha lile povu, tukalichoma, tukalipima. Saa mbili nzima sikukaa. Precious akaniletea kiti, nikakisogeza kando. Majibu yalipotoka nikayasoma mara mbili. Zile gramu mbili na nusu zilikuwa humo. Ulikuwa unga wa mkaa. Mkaa nao unanasa dhahabu, ila ni mwepesi na laini, unapita kwenye chekeche kama maji na kwenda nayo bwawani. Na sisi kwenye sampuli tulikuwa tunaumwaga kwanza, halafu tunapima, halafu tunashangaa.

Hapo nikamkumbuka Machibya. Mwezi ule wa tatu alikuja mlangoni kwangu, akakunjua viganja vyake vyote viwili. "Injinia, hili tope siku hizi linanichafua mikono kama muuza mkaa." Nilikuwa na watu ofisini. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Kaboni ni nyeusi, Machibya. Ulitaka iwe ya kijani?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa adabu, akaondoka.

Nilikuwa namwita Machibya tu, hivyo hivyo, bila mzee. Kazini sikumwamkia mtu shikamoo. Nilisema inapoteza muda.

Nikaenda jikoni kwa Ng'washi, mama anayetupikia, nikiwa nimeshapandisha hasira. Jiko lake liko hatua chache kutoka uwanja wa kupokelea mchanga. Nikamwambia mkaa wake unatutia hasara, majivu yake yanapeperuka, kuanzia leo ahamie nyuma ya ukuta.

Ng'washi aliendelea kukoroga mboga. "Mkaa gani? Mimi napikia gesi toka mwaka jana, serikali ilipokataza. Mtungi huo hapo, umeukanyaga."

Kweli nilikuwa nimeegemeza mguu kwenye mtungi.

"Nyie nshomile, wasomi wa Bukoba, mmesoma mpaka mmepitiliza," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Hebu geuka nyuma uangalie."

Nikageuka. Uwanjani kulikuwa na mchanga wa wachimbaji, umepangwa vizuri mpaka kimo cha mtu, wote ndani ya magunia ya mkaa. Ni mimi niliyeyaleta. Zamani walikuwa wanabeba kwenye mifuko ya saruji, inachanika, mchanga unamwagika barabarani. Nikasimama kwenye kikao nikasema kila punje tunayoipoteza njiani ni dhahabu, nikanunua magunia matupu kwa wauza mkaa wa Butimba na Nyegezi, magumu, hayachaniki. Nilipigiwa makofi. Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Na mchanga wa magunia tunausaga mchana. Usiku tunasaga mawe ya shimoni, yanayokuja wazi kwenye lori.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Aibu ilikuja, ila ilikuja ya pili, na furaha ilikuwa imeshashika usukani. Nilikuwa nimelipata jibu! Nikamkimbilia Nestory, nikamwambia atoe mchanga wote kwenye magunia, auoshe kwenye mabeseni makubwa, mkaa ukielea aukombe, kisha aanze kuusaga, asingoje chochote. Nikaingia kwenye gari kumpelekea Machibya habari njema. Wala sikupita ofisini kwa Mzee Masele. Nilitaka Machibya awe wa kwanza, na nilitaka aisikie kwangu.

Nyumba yake iko Busisi, si mbali na gati la zamani la feri. Mkewe, Selina, miaka mingi aliwauzia samaki wa kukaanga watu waliokuwa wakisubiri kivuko kwenye foleni. Siku hizi magari yanapita juu ya daraja bila kusimama, na mshahara wa Machibya ndio uliokuwa umebaki. Nilimkuta Selina ameketi mkekani uani, anachambua dagaa.

"Umekuja kupekua?" akaniuliza.

"Shikamoo, mama."

Alichambua dagaa watatu au wanne. "Marahaba," akasema. Kiti hakunipa, na kwa nyumba ya Msukuma hilo ni tusi kubwa.

Machibya alikuwa nyuma anaziba ua wa zizi kwa miiba. Nikamwamkia na yeye, akaitika, akanitazama kwa mshangao kidogo. Nikamwambia yote palepale nimesimama, povu, mfereji, magunia. Nilikuwa nasema mbiombio, nacheka katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho, panga mkononi.

"Hayo magunia," akasema, "umeshayatoa?"

"Ndiyo. Nimemwagiza Nestory aoshe mchanga wote. Saa hizi atakuwa ameanza kusaga."

Nilingoja anishukuru. Kweli kabisa, nilingoja anishukuru.

Akaliweka panga chini. "Basi umenimaliza."

"Kivipi? Kuanzia kesho dhahabu inarudi."

"Ndiyo hiyo inayorudi. Mimi nikiwepo, dhahabu inapotea. Mimi nikitolewa, dhahabu inarudi. Hata ningekuwa mimi ndiye Masele, ningesemaje?"

"Lakini hata kwa Nestory ilikuwa inapotea."

"Si wanasema tulifundishana? Nestory akitoa nyingi kesho, watasema ametubu. Mimi niliyeko huku zizini nitatubu kwa nani? Asiyekuwepo na lake halipo, Injinia. Wewe una karatasi, mimi nina jina tu."

Alikuwa ameliona kwa muda wa kuweka panga chini, mtu niliyemfanya kichekesho mbele ya wenzake, na mimi na vyeti vyangu nilikuwa nimeliendesha gari kilomita saba nikiimba. Ripoti yangu ya kwanza ilimshtaki. Marekebisho yangu yangemhukumu.

Nikapiga simu plenti. Iliita mpaka ikakata, maana simu zote zinaachwa kwenye kabati la getini, na sheria hiyo pia niliidai mimi. "Panda gari, mzee," nikasema. "Twende tukakizime kinu."

Akaingia ndani. Nikangoja mlangoni. Nikaenda kwenye gari, nikaliwasha, nikarudi mlangoni. Sikio langu lilikuwa linasikia kinu kinavyonguruma kule ng'ambo ya vilima, jambo ambalo haliwezekani.

"Mzee, tunachelewa."

"Mwache avae," Selina akasema kutoka mkekani. "Alitolewa pale na nguo za kazi, watu wanamtazama. Hatarudi nazo."

Alitoka na suruali ya kitambaa na shati jeupe lililopigwa pasi, buti zake za plenti kazibeba mkononi. Njiani tukakutana na kundi la ng'ombe limetanda barabara nzima, wachungaji wake wako mbali kivulini. Nikapiga honi mpaka ng'ombe mmoja akageuka kunitazama. Machibya akashuka, akapiga mluzi mmoja mfupi, akasema nao maneno mawili ya Kisukuma, wakasogea. Akarudi ndani, akafunga mkanda. Mimi mkono ulikuwa bado uko kwenye honi.

Mkanda wa kupeleka mchanga kwenye kinu ulikuwa tayari unatembea. Nestory alikuwa ameosha rundo kubwa, safi, na koleo la kwanza lilikuwa limeshapanda. Sikumsalimia mtu. Nikakimbilia kitufe chekundu nikakibonyeza kwa kiganja.

Plenti ikinyamaza ghafla, watu wote wanatoka. Ng'washi alitoka na mwiko, Precious alitoka na glovu, Nestory akabaki na koleo hewani. Mzee Masele akashuka ngazi za ofisi yake.

"Nani amezima?"

"Mimi."

"Una wazimu? Ujue kinu kikilala na mzigo ndani kukiamsha ni kazi." Kisha akamwona Machibya. "Na huyu kaingiaje?"

Nikamweleza mbele ya watu. Nilitaka kusema haraka kama kawaida yangu, lakini nilijilazimisha kwenda pole, kwa sababu nilitaka hata yule wa mwisho kabisa, kule kwenye bwawa, asikie. Niliwaeleza habari za mkaa, chekeche na povu. Nikamwambia kinu kitawaka Machibya akiwa kwenye chekeche lake, na kwamba dhahabu ikirudi, irudi mikononi mwake.

Mzee Masele ni mfanyabiashara, alikuwa anahesabu. "Magunia nani aliyaagiza?"

Ng'washi akautazama mwiko wake.

"Mimi," nikasema.

"Na povu limwagwe, nani alisema?"

"Ni mimi, mzee."

Ripoti hakuiuliza. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa koti, ncha yake inaonekana. Akasema, "Sawa, awashe. Kesho saa nne ni ileile. Tutaona."

Nikadhani yamekwisha. Machibya hakukiendea kitufe. Alinifuata mimi, akasimama hatua mbili, akakunjua viganja vyake vyote viwili kama alivyofanya siku ile.

"Waambie nilikwambia nini mwezi wa tatu," akasema, bila kupandisha sauti. "Na wewe ulinijibu nini."

Ningeweza kusema nimesahau. Watu husahau. Nilitazama mikono ile, safi, wiki tatu haijagusa tope, nikaona uso unaniwaka mpaka masikioni.

"Mzee Machibya aliniambia tope linamchafua mikono kama muuza mkaa," nikasema. "Nilimjibu kwamba kaboni ni nyeusi. Nikamuuliza kama alitaka iwe ya kijani."

Safari hii hakuna aliyecheka. Machibya aliketi kwenye ngazi ya tangi, akavua viatu vyake, akavaa buti, akafunga kamba za mguu wa kulia, kisha za kushoto. Watu arobaini walimngoja. Mimi pia nilingoja. Alipomaliza alikwenda akaachia kile kitufe, akawasha.

Ijumaa saa nne majibu yalisomeka nane nukta nne. Lile povu tulilipima bila kulimwaga, halikuwa na kitu. Mzee Masele aliisoma karatasi, akaikunja pamoja na ile ripoti yangu, akazitia zote kwenye jiko la maabara mwenyewe. Kisha akaniuliza kama naweza kufika tisa. Kwa Machibya alisema, "Karibu tena kazini," basi. Wakati wa chai jamaa mmoja akanong'ona kwamba huenda Machibya ameirudisha dhahabu aliyokuwa ameificha, na Ng'washi akamnyima mchuzi. Maneno ya namna hiyo hayaishi kwa siku moja. Nimeyasikia mara nyingine mbili, na mara zote mbili nimesimama nikaisimulia upya habari ya mkaa wangu, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na ile ya kijani.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Kila jioni zamu ikiisha, kabla ya kwenda getini kupekuliwa kama sisi wote, Machibya hupita kwenye dirisha la maabara na kunyanyua viganja vyake, safi, nivione. Sijui kama ananipa taarifa ya kazi au ananikumbusha. Sijamuuliza. Naacha ninachofanya, natoka nje.

"Shikamoo, mzee."

Siku nyingine huitika palepale. Siku nyingine hunitazama kwanza, anatazama matangi, anatazama ziwa linavyong'aa kule chini upande wa daraja. Na mimi nasimama nangoja mpaka aitike.